Sabuni ya Matabisi

Juma lililopita mwanangu alirudi kutoka dukani, hapa Beni ninapoishi sasa, na kipande kidogo cha sabuni ya rangi ya waridi, ile ya kunawia uso. Alipoichana karatasi yake, harufu ilinifuata hadi jikoni nikiwa nasonga bugali. Niliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria. Kuna watu harufu ya sabuni huwakumbusha arusi, wengine mtoto mchanga. Mimi hunikumbusha kasho ya polisi, yaani mahabusu, na baada ya kasho hunijia kicheko, kwa hiyo mwanangu alinikuta nacheka peke yangu huku bugali likiungua chini.

Wakati huo tulikuwa Butembo. Baba alikuwa na shamba la kakao upande wa Mutwanga, akikaa huko msimu mzima, na mama ndiye aliyeshika nyumba kwa kuuza maharagwe sokoni. Nikisema mama alikuwa muuza maharagwe bado sijasema kitu, maana nusu ya soko waliuza maharagwe. Mama alikuwa mtu wa kuachiwa vitu. Wanawake waliotoka Luofu na magunia yao walishuka kwenye lori, wakamwambia, "Mama Masika, unichungie," wakaenda zao hospitalini au kwa ndugu, na waliporudi walikuta hata fundo la kamba liko vilevile walivyolifunga. Jina lake zuri ndilo lililotulisha. Masika ni mimi, mtoto wake wa kwanza.

Kwenye kona yetu ya soko, matabisi ilikuwa sheria. Ukishapimiwa maharagwe yako na ukalipa, unainama wewe mwenyewe, unachota kidogo kwa mkono wako kutoka kwenye fungu la muuzaji, unaongeza juu ya yako. Muuzaji analalamika, "We mama, utanimaliza!" lakini analalamika kwa desturi tu, ukiondoka bila kuchota anaona umemdharau. Na ukichota, lazima useme *wasingya*, ndiyo asante ya Kinande, tena kwa sauti, akusikie. Hapo mama hakuwa na mchezo. Nikiwa mdogo kabisa jirani aliniongezea ndizi, nikaanza kuimenya kimya kimya. Mama alininyang'anya mbele ya watu.

"Haujashukuru," aliniambia. "Shukuru kwanza, njo ikuwe yako."

Nilishukuru huku nalia, nikarudishiwa ndizi yangu.

Basi likafunguliwa duka jipya katikati ya mji. Maduka tuliyoyazoea yalikuwa na meza, nyuma ya meza mtu, na nyuma ya mtu vitu, unataja, unapewa. Katika hili jipya unaingia, unatembea katikati ya vitu kama uko shambani kwako, unachuma unachotaka, kisha unalipa karibu na mlango. Mama aliposikia kwamba sabuni za kufulia ni nafuu huko, alinishika mkono tukaenda. Alichukua katoni nzima. Alilipa bila kubishana bei, jambo lililomsumbua kidogo, maana hakukuwa na mtu wa kubishana naye. Msichana aliyepokea malipo hakuinua hata macho. Alikuwa mwembamba, mgeni, mke wa askari aliyetumwa kwetu kutoka upande wa Kisangani. Karibu na kiwiko chake kulikuwa na kikapu cha visabuni vidogo vya waridi. Kwa macho ya mama, lile lilikuwa fungu la matabisi, limewekwa palepale ambapo matabisi huwekwa. Akachukua kimoja, akakiweka juu kabisa ya katoni, akasema, "Wasingya, wasingya kutsibu," akabeba mzigo wake kifuani, nami nikamfuata.

Hatukuvuka mlango.

"Mwizi!" msichana alipiga kelele nyuma yetu. "Mama ule anaiba!"

Mlinzi wa mlangoni, pande la mtu ndani ya koti la mvua, alimshika mama mkono. Mama alishtuka, na mtu akishtuka hurudi kwenye lugha aliyonyonya nayo. Alianza kujieleza kwa Kinande, haraka haraka, na mlinzi, ambaye naye hakuwa mtu wa kwetu, akazidi kuwaka.

"Sema Swahili ao Français!" alimfokea. "Kinande hapana hapa! Unasikia? Hapa hapana Kinande!"

Sasa ninyi wa rika langu mliosoma shule zetu mnaikumbuka simbole. Kwa wasioijua, kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Mwanafunzi akikamatwa anaongea Kinande uwanjani badala ya Kifaransa, anavishwa shingoni, naye anatembea nacho akitafuta mwenzake wa kumnasa ili amvishe. Yule ambaye kengele ya mwisho inamkuta nacho, ndiye anayechapwa na kufagia darasa. Juma lile mimi ndiye niliyekuwa nimevaa, kwa kosa la kupiga kelele nilipoona nyoka karibu na choo. Hakuna mtu anayeona nyoka kwa Kifaransa.

Kwa hiyo nilipomsikia mlinzi, nilielewa yote, au nilidhani nimeelewa. Mama alikuwa amekamatwa kwa sababu ya Kinande. Sabuni sikuiwaza hata kidogo. Sabuni ilikuwa matabisi, na matabisi si kitu cha kumfunga mtu. Kosa lilikuwa lile *wasingya*, alilolisema kwa sauti kubwa, tena akalirudia, mbele ya mke wa askari. Nikajua kwamba watu wazima nao wana simbole yao, na ya kwao haina kamba bali ina vyuma dirishani. Nilimshika mama nguo njia nzima hadi polisi.

Mjomba Kambale, mdogo wake mama, alikuja na pikipiki yake ya kubebea abiria akiwa bado na matope hadi magotini. Tulikaa kwenye benchi mbele ya ofisa mmoja aliyekuwa na mafua. Alitoka mkoa wa Équateur, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alichoka tu.

"Mama, ni mara ya kwanza?" aliuliza.

"Hata mara ya kwanza haiko," mama alijibu. "Miye sikuiba."

"Sabuni walikukuta nayo. Yoka, sikia, nikuambie vile inaendaka. Mutu wa mara ya kwanza, na kitu kidogo vile, analipa amende, ile faini, hapa, anarudia kwake, likambo esili, maneno imeisha. Ukikataa, dosye, ile faili yako, inapanda parquet. Magistrat anaweza kukutuma tribunal, mahakamani. Na tribunal, kuiba ni prison, hata kama ni sabuni."

Mjomba alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni. "Yaya, dada yangu, tulipe tuende. Heri nusu shari."

"Usilipe, Kambale."

"Yaya!"

"Nikilipa, ni mimi mwenyewe nimewaambia kama niko mwizi," mama alisema. "Itaandikwa, itafika sokoni mbele yangu. Nani ataniachia gunia tena? Batoto watakula nini?"

"Na ukifungwa, watakula nini?"

Mama alivua kilemba chake, akakikunja vizuri, akampa mjomba, kisha akasimama mwenyewe kuelekea kasho kabla hajaamriwa. Mjomba alilia machozi pale kwenye benchi, mtu mzima mwenye ndevu, na mimi nikaona haya kwa niaba yake.

Ofisa alinigeukia. "Na wewe mutoto ulikuwa pale. Mama yako alisema nini wakati alibeba sabuni?"

Hapo ndipo nilipojivunia akili zangu. Niliona mtego ulivyotegwa, ule ule wa mwalimu wetu. Nikamtazama usoni. "Hakusema kitu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Akaandika, akapiga chafya, na mimi nikaondoka na mjomba nikiamini kwamba nimemwokoa mama yangu.

Jioni tulimpelekea chakula, maana kasho haimpikii mtu. Mama alinishika kidevu kupitia kwenye vyuma. "Kesho wakikuuliza, sema kweli tu. Usiogope." Nikaitikia kwa kichwa. Lakini nilijua mambo ya kusema kweli. Mwalimu wetu naye husema, "Semeni kweli, nani ameongea Kinande?" na mjinga anayesema kweli ndiye anayevishwa mbao. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu niliiona ndefu na imenyooka vizuri.

Kesho yake tulipanda parquet, kwenye ofisi ya mashitaka. Nilitegemea magistrat, mwendesha mashitaka, awe mwanaume mwenye fimbo. Tulimkuta mama mmoja mnene mwenye miwani na sweta, aliyetumwa kwetu kutoka Kasaï, na Kiswahili chake kilikuwa bado kipya mdomoni, kikiwa na mais kila mahali pa lakini. Msichana wa dukani alikuwa ameketi pembeni, ameitwa kueleza alichokiona. Sabuni ilikuwa juu ya meza ndani ya bahasha, na ofisi nzima ya serikali ilinukia waridi.

"Mama, ile sabuni, ulibeba?" magistrat aliuliza.

"Nilibeba."

"Ulilipa?"

"Hapana, Madame. Ilikuwa matabisi."

Magistrat aliweka kalamu chini. "Matabisi! Kinshasa nilisoma, kule tunaita mbakisa. Mais mbakisa, ni muuzaji anakuongezeaka."

"Kwetu sokoni, mwenye kununua anachotaka na mukono yake. Anachota, anashukuru. Donc nilichota, nikashukuru."

"Alishukuru?" magistrat alimuuliza yule msichana.

"Sikusikia aksanti hata moja," msichana alisema, akitazama viatu vyake. "Kitu ikipotea, wananikata mushahara. Niliona anabeba, njo nikalia."

Magistrat alifungua dosye, akasoma, akavua miwani. "Na hapa kwa polisi wameandika kama hata mutoto amesema: mama hakusema kitu."

Mama aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alinitazama kama mtu aliyerudi akakuta gunia aliloliacha kwa jirani limefunguliwa. Nilitaka kumkonyeza, kumwambia atulie, ninafanya kazi yake, lakini sikujua kukonyeza.

"Mama, nikuelezee," magistrat alisema polepole, akitafuta maneno. "Sheria inaniuliza kitu moja: mutu huyu, alikuwa na roho ya kuiba? Mutu akibeba kimya, akitoka kimya, hiyo ni kuiba. Kama ni mara ya kwanza, tribunal inaweza kumupunguzia azabu, mais haitasema hakuiba. Mutu mwenye alibeba mbele ya macho na akashukuru, hiyo ni kitu ingine. Mais wewe, hakuna mwenye alisikia ukishukuru."

Mjomba alikohoa. Mama alikaa ameshika magoti yake.

"Mutoto, kuja hapa. Sema tena. Mama alisema nini?"

Nilisogea. Nilitazama sakafu. "Hakusema."

Akachukua kalamu. Na hapo simu yake ikalia ndani ya mkoba.

Alitazama ni nani, akatuonyesha kiganja tungoje, na uso wake wote ukabadilika. "Ee, mamu!" alisema, na kutoka pale maneno yakamwagika, marefu, ya kuimba, lugha nisiyowahi kuisikia. Alicheka. Aliuliza kitu, akajibiwa, akacheka tena. Mwishoni akasema, "Tuasakidila, mamu. Tuasakidila," akazima simu, akarudi kwenye Kifaransa na Kiswahili chake kama hakuna kilichotokea.

Nilitazama mlango. Nilikuwa nangoja mtu aingie na kipande cha mbao. Ofisini kwa serikali, chini ya picha ya rais, mwanamke huyu alikuwa ameongea kikwao waziwazi, na hakuna aliyemkamata.

"Ile ni luga gani?" nilimuuliza. Mjomba alinifinya mgongoni.

"Ni Tshiluba, mwana," magistrat alisema. "Ni mama yangu. Alikuwa ananiombea, nikamuambia aksanti."

"Na hawatakufunga?"

"Banifunge juu ya nini?"

"Juu ya kusema aksanti na luga ya kwenu."

Magistrat aliinama mbele hadi sweta yake ikagusa bahasha. "Mutoto, nani anafungwaka juu ya ile?"

Basi nikamwaga yote, nikilia, bila kupanga. "Mama pia alisema aksanti ya kwetu! Alisema wasingya, alisema na nguvu, akarudilia. Kisha ule baba wa mlango akakasirika, akasema hapana Kinande hapa, njo bakamuleta kasho! Miye nilificha ju basimufunge!"

Mama alifunika uso kwa viganja viwili. Magistrat alimgeukia msichana wa dukani, na msichana alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Singya," alisema taratibu. "Singya, singya... Ee, Madame. Ni kweli. Alisema ile kitu, tena karibu yangu kabisa. Miye nilifikiri ananitukana."

Aliyeanza kucheka ni mjomba. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akatoa sauti kama pikipiki inayokataa kuwaka. Magistrat akafuata, miwani mkononi, tumbo likitikisa meza. Nilipoona mabega ya mama yanaruka niliogopa kwamba analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. Hata msichana alitabasamu, kwa woga. Mimi peke yangu sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa bado nasubiri kujua kama tunafungwa.

"Mama," magistrat alisema alipopata pumzi, "mwizi hashukuru mwenye duka na sauti kubwa. Dosye ninaifunga. Classée sans suite. Hakuna tribunal, hakuna amende, na jina yako haitaandikwa fasi yoyote kati ya wezi. Umesikia?"

"Nimesikia, Madame."

"Mais sikia na hii ingine. Mule ndani ya duka hapana soko. Kila kitu iko na bei, hata kile kidogo ndani ya kikapu. Sasa umejua. Ukibeba tena bila kulipa, hata ukishukuru na luga zote za Congo, nitakutuma prison mimi mwenyewe."

"Wasingya, Madame," mama alisema, na akanitazama alipokuwa analisema.

"Tuasakidila," magistrat alijibu.

Tulipotoka nje nilisikia mwili wangu mwepesi hadi nikaogopa upepo wa Butembo utanibeba. Mjomba alikimbia kununua mahindi ya kuchoma, akasahau kuuliza bei. Mama alijifunga kilemba chake upya, bila haraka, akihakikisha kila mpita njia aone anavyojifunga. Kisha akapitisha kidole shingoni kwangu, pale kamba ya simbole ilipokuwa imeacha alama. Alikuwa haijui alama ile. Nilikuwa nimeificha kwa kola juma zima. Jumatatu alinisindikiza shuleni akaongea na mwalimu kwa muda mrefu, kwa Kinande, nami sikuvishwa ile mbao tena. Walimu wengine waliendelea nayo miaka mingi, lakini mimi nilikuwa nimeshaponyoka.

Habari ilifika sokoni kama mama alivyojua itafika, ila ilifika kwa kicheko. Kwa muda mrefu wauzaji walimtania, "Mama Masika, chunga, usishukuru sana, watakufunga!" na magunia ya Luofu yaliendelea kushushwa miguuni pake.

Na siku moja, soko likiwa limejaa, nilimwona yule msichana wa dukani. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mfuko mkononi, akijifanya anatazama vitunguu. Mama alimwona pia.

"Kuja," alimwita. "Maharagwe iko hapa."

Alikuja. Aliomba kipimo kimoja, akalipa, mama akampimia hadi kopo likawa na kilima. Msichana akashika mfuko wake aondoke.

"Chota," mama alimwambia.

"Hapana, mama. Miye hapana."

Mama alimshika mkono. Niliukumbuka mkono wa mlinzi, nikashtuka, lakini mama aliushusha ule wa msichana polepole hadi ukazama kwenye fungu la maharagwe. Msichana alichukua punje chache tu, za kuhesabika, akazitia kwenye mfuko, akageuka. Mama akaweka kiganja juu ya mdomo wa mfuko, akaushikilia. Alingoja. Wanawake wa kona nzima waliacha kupima wakatazama.

Msichana alinitazama mimi, nami nikamsogezea midomo bila sauti. Akavuta pumzi.

"Wasingya!" alisema, kwa lafudhi ya Kisangani, kwa nguvu mno, hadi waliokuwa wakishusha lori wakageuka.

Mama aliondoa kiganja.

"Sasa njo yako," alisema.